Umati Si Kura: Habari za Ngoma na Siasa katika Usukuma na Geita

Nchi ya Usukuma, tangu Shinyanga hata Geita, husifiwa kwa pamba yake, kwa ng'ombe wake, na kwa dhahabu iliyo chini ya ardhi yake. Lakini kabla ya pamba kupelekwa kwenye vinu, na kabla ya dhahabu kuchimbwa kwa mitambo, sifa ya nchi hii ilikuwa ngoma. Hata leo, mgeni akipita vijijini mwezi wa Juni au Julai, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, husikia ngoma toka mbali, na akiifuata hukuta watu wamejaa uwanjani. Katika insha hii twapenda kueleza habari za mashindano hayo ya ngoma, kisha kuyalinganisha na mashindano mengine yajayo kila baada ya miaka mitano, yaani kampeni za uchaguzi. Maana twaona ya kuwa waandishi wengi wa magazeti wamezipima kampeni kwa kipimo cha ngoma, na kipimo hicho kimetupotezea mengi.

Wazee husimulia ya kuwa katika karne ya 19 walikuwako wacheza ngoma wawili mashuhuri, waliokuwa waganga pia, majina yao Ngika na Gumha. Hao walishindana, na wafuasi wao wakashindana, hata vikatokea vyama viwili, Bagika na Bagalu, ambavyo vimewagawanya wachezaji wa Usukuma mpaka sasa. Kanuni ya mashindano yao ni nyepesi. Makundi mawili hucheza wakati mmoja, kila kundi mahali pake, na watazamaji wako huru kwenda huku na huku. Kundi lililozungukwa na watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Hapana mwamuzi mwenye daftari, wala hapana aulizaye kama wimbo ulikuwa wa kweli au wa uongo. Umati ndio mwamuzi.

Kwa sababu ya kanuni hiyo, kila kiongozi wa ngoma hutafuta jambo la kuwavuta watu. Mmoja hucheza na nyoka mkubwa shingoni. Mwingine huleta mzaha ambao haujaonekana bado. Mwingine hutunga nyimbo za kumtania mshindani wake, hata watu wacheke wasahau kwenda upande wa pili. Zamani walitafuta na dawa za kuvuta watazamaji, wakiamini ya kuwa asiye na dawa atacheza peke yake. Wamisionari walipokuja, wengi wao waliziogopa ngoma hizo. Walakini Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyefanya kazi Bujora karibu na Mwanza, aliona ya kuwa mchezo huu waweza kukaa pamoja na imani. Akazipa ngoma nafasi katika Sikukuu ya Mwili wa Kristo, nayo sikukuu hiyo hujulikana kwa Kisukuma kwa jina la Bulabo, yaani maua. Bagika na Bagalu hushindana huko hata leo.

Basi, hatuna neno baya juu ya ngoma. Twasema hivi tu: aliyeshinda ngomani hupewa sifa, hapewi nchi. Watu wakiisha kutawanyika, kila mmoja hurudi kwake, na jembe lake ni lile lile. Hakuna Msukuma aliyepata kusema, "Huyu amevuta watu wengi, basi tumpe ghala letu alitunze." Wazee wetu walijua kuyatenga mambo hayo mawili.

Tukitazama habari za uongozi katika nchi hii, twaona ya kuwa kwa muda mrefu umati haukuwa na kazi katika kuwachagua wakubwa. Mtemi alipatikana katika ukoo wa utemi kwa shauri la wazee. Waingereza walipotaka Waafrika wa kwanza waingie katika Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1945, Gavana aliwateua watu wawili, na mmoja wao alikuwa Mtemi Kidaha Makwaia wa Usiha, hapa Shinyanga. Hakuomba kura kwa mtu. Hata uchaguzi ulipokuja mwaka 1958, aliyeruhusiwa kupiga kura alipaswa kuwa na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kazi maalum. Wakulima wengi wa Usukuma walibaki nje.

Lakini mwaka huo huo wa 1958 watu wa Geita walionyesha umati wa namna nyingine. Serikali ya kikoloni ilitaka kuwawekea baraza la wilaya lenye wajumbe wa rangi zote, nao hawakulitaka. Walikusanyika kwa wingi, wakaenda hata Mwanza kupeleka malalamiko yao, na polisi wakawatawanya kwa moshi wa kutoa machozi. Muda si mrefu mabaraza ya namna hiyo yaliachwa. Tafadhali, msomaji, angalia tofauti. Umati ule haukuja kumtazama mtu. Ulikuja na neno lake wenyewe. Umati wa ngoma huja ukiwa na macho. Umati wa Geita ulikuja ukiwa na kinywa.

Baada ya uhuru tulipata kanuni ambayo vijana wa leo hawaijui, nayo yafaa kukumbukwa. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, nchi ikiwa ya chama kimoja cha TANU, kila jimbo lililokuwa na ushindani lilikuwa na wagombea wawili wa ubunge. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwenziwe alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Mgombea hakuruhusiwa kufanya mikutano yake mwenyewe. Chama ndicho kilichoitisha mkutano, na wagombea wote wawili walipanda jukwaa moja siku moja, mbele ya watu wale wale. Iliwapasa kusema Kiswahili tu, na haikuruhusiwa kuombea kura kwa kabila, wala kwa rangi, wala kwa dini. Hawakukosa werevu wao: jembe likasifiwa kuwa ndilo lililetalo chakula, na nyumba ikasifiwa kuwa ndiyo stara ya jamaa. Lakini hapakuwa na namna ya kusema, "Umati wangu ni mkubwa kuliko wako," kwa kuwa umati ulikuwa mmoja. Macho hayakuwa na la kuhesabu, ikabidi masikio yafanye kazi.

Na masikio yalifanya kazi. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, mtu aliyejulikana vijijini kote kwa kazi yake katika vyama vya ushirika vya pamba, alishindwa mwaka ule katika jimbo lake la Mwanza. Hatusemi ya kuwa kanuni ile ilikuwa kamilifu. Chama ndicho kilichochuja majina, vyama vingine havikuruhusiwa, na katika urais mtu alikuwa mmoja tu, kura ikiwa ya Ndiyo au Hapana. Asiyekubaliwa na chama hakuwa na jukwaa lo lote. Hayo yalikuwa makosa makubwa, na ndiyo sababu moja ya nchi kurudisha vyama vingi mwaka 1992. Lakini tulipoitupa kanuni ya chama kimoja, tulitupa na jukwaa la pamoja, na hilo la pili halikuwa na kosa.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulifanyika mwaka 1995. Tangu hapo kila mgombea akawa na uwanja wake, ngoma yake na umati wake, sawasawa na Bagika na Bagalu. Augustine Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kabla ya kuhamia chama cha NCCR-Mageuzi, alipokelewa kwa shangwe ambayo haikuwa imeonekana. Watu walilisukuma gari lake kwa mikono yao, na picha za gari hilo zikasemwa kuwa ni dalili ya ushindi. Kura zilipohesabiwa, Benjamin Mkapa alipata asilimia 61.8 na Mrema asilimia 27.8. Yapo maneno mengi yaliyosemwa juu ya uchaguzi ule, na mengine yalikuwa ya haki. Walakini waliodhani ya kuwa kusukuma gari ni kupiga kura walipata fundisho.

Fundisho hilo halikukaa. Miaka 20 baadaye, mwaka 2015, walishindana hasa watu wawili. Wa kwanza ni John Pombe Magufuli wa CCM, mwana wa Chato, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Geita. Naye alipata kuwa mwalimu wa sekondari Sengerema. Wa pili ni Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu mpaka alipojiuzulu mwaka 2008. Huyo aliiacha CCM mwezi wa Julai 2015 akawa mgombea wa CHADEMA, akiungwa mkono na umoja wa UKAWA. Kila mmoja alikuwa na mchezo wake. Lowassa alipanda daladala jijini Dar es Salaam, akakaa na abiria, na wapiga picha wakawa karibu. Hotuba zake zilikuwa fupi sana, lakini umati wake ulikuwa mkubwa hata ukaitwa mafuriko. Magufuli alisafiri kwa barabara, akawasalimu watu kwa lugha zao, akapiga ngoma jukwaani. Tena akiwa mkoani Kagera, jirani zetu, alijilaza kifudifudi mbele ya watu akajiinua kwa mikono mara kadhaa, mazoezi yaitwayo pushapu, ili aonyeshe ya kuwa mwili wake una nguvu. Kila aliyeona alijua amlenga nani, maana wakati ule afya ya Lowassa ilikuwa ikisemwa sana mitaani.

Sasa twafika katika jambo letu hasa. Magazeti na televisheni vilifanya nini? Vilihesabu umati. Picha iliyopigwa toka juu ilijaza ukurasa wa kwanza, siku moja ya huyu na siku ya pili ya yule, na watu wakabishana kama picha ni ya kweli au imeongezwa. Pushapu zikaenda mpaka magazeti ya Ulaya. Waandishi waliocheka wakacheka, waliosifu wakasifu. Lakini wote wawili, mwenye kucheka na mwenye kusifu, walikuwa wamesimama katika duara la ngoma. Hata wale waliokosoa, wengi wao walikosoa mchezo wenyewe: haufai, si heshima, mzee mzima hawezi kulala chini. Twaona ya kuwa lawama hiyo haikugusa penyewe. Mgombea kuruka au kulala chini si dhambi. Kosa ni pale mwandishi anapopewa mchezo badala ya jibu, naye akaupokea, akaenda kuuchapa.

Tuchukue hilo la afya. Mtu akitaka kututawala miaka mitano, afya yake ni jambo la haki kuulizwa. Lakini jibu la swali la afya hutoka kwa daktari, halitoki jukwaani. Wangeulizwa wagombea wote wawili walete neno la daktari, tungalijua kitu. Tukapewa pushapu, tukaridhika. Tarehe 17 Machi 2021, Makamu wa Rais, Mama Samia Suluhu Hassan, aliitangazia nchi ya kuwa Rais Magufuli amefariki, kwa maradhi ya moyo aliyokuwa nayo kwa zaidi ya miaka kumi. Yaani yalikuwamo mwilini mwake hata siku ile ya jukwaani. Lowassa, aliyesemwa kuwa mgonjwa, aliishi mpaka tarehe 10 Februari 2024. Hatusemi haya kwa kuwasuta marehemu, ambao Mungu awarehemu. Twasema kwa sababu wasomaji wetu waijua habari ya nabii Samweli katika nyumba ya Yese. Alipomwona Eliabu, kimo chake na uso wake vilimpendeza, akadhani amekwisha kumpata mfalme. Naye akakatazwa na Mungu kupima kwa macho. Ikiwa nabii aliweza kudanganywa na macho yake, mwandishi wa gazeti ni nani?

Liko na jambo la pili, nalo lilitokea mkoani kwetu. Tarehe 5 Oktoba 2015, kampeni zikiwa motomoto, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu lilianguka Nyangalata, wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga. Wengine waliokolewa mapema. Wengine walidhaniwa wamekufa. Tarehe 25 Oktoba nchi ilipiga kura. Tarehe 5 Novemba Magufuli aliapishwa. Tarehe 15 Novemba, siku ya 41, watu watano walitolewa shimoni wakiwa hai, wakiwa wameishi kwa kula mizizi na wadudu. Walipoingia shimoni Rais alikuwa Jakaya Kikwete. Walipotoka alikuwa mwingine, na kura zao hazikupigwa.

Habari za kuokoka kwao ziliandikwa duniani kote, kama ilivyostahili, kwa kuwa zilikuwa za ajabu. Lakini twauliza: katika siku zile 20 kati ya kuanguka shimo na kupiga kura, tulisoma mara ngapi swali hili likiulizwa kwa wagombea wote wawili, kwamba mchimbaji mdogo atalindwaje, na nani atakagua mashimo yake? Huu ni ukanda wa dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kazi mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, baada ya wachimbaji wadogo kuondolewa hapo mwaka 1996. Maelfu ya jamaa zetu huishi kwa sururu na zebaki pembezoni mwa migodi hiyo. Swali la mashimo yao ni swali la uhai na kifo. Nalo lilikuwa limelala chini ya ardhi pamoja na wale watu, wakati sisi juu tulikuwa tukihesabu vichwa uwanjani.

Tena matokeo ya kura hayakufuata hesabu ya vichwa. Magufuli alipata kura 8,882,935, yaani asilimia 58.46, na Lowassa 6,072,848, yaani asilimia 39.97. Mafuriko yalikuwa ya kweli, lakini maji ya mafuriko hayakai mahali pamoja.

Pengine msomaji atatujibu, "Mwawalaumu bure. Watu hupenda furaha, na kampeni isiyo na furaha huwaacha watu majumbani." Jibu hilo lina nguvu, wala hatulikatai lote. Mwaka 2010 waliopiga kura hawakufika nusu ya walioandikishwa. Mwaka 2015 walikuwa asilimia 67. Hapana shaka ngoma ile iliwaamsha wengi. Tena wakulima si wajinga. Wengi huenda kwenye mikutano yote miwili, hucheza ngoma za wote wawili, kisha hupiga kura kwa siri yao. Basi ngoma na ipigwe. Lakini ngoma ni ya kuita watu, na watu wakiisha kuitika lazima waambiwe neno. Kengele ya kanisa nayo huita, lakini hakuna aliyeridhika kwa kusikia kengele akarudi nyumbani kabla ya Injili.

Ni vema pia kukumbuka yaliyofuata, ili mtu asidhani ya kuwa haya ni maneno ya mchezo. Rais mpya alifanya mambo ambayo wengi waliyashukuru, hasa elimu bila ada mpaka kidato cha nne tangu Januari 2016, na mwaka 2017 aliyasimamia makampuni makubwa ya dhahabu katika shauri la makinikia. Lakini mwezi huo huo wa Januari 2016 gazeti la Mawio lilifungiwa, na Serikali ikatangaza ya kuwa televisheni ya taifa haitaonyesha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Katikati ya mwaka ule mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio halikuondolewa mpaka Januari 2023. Hivyo nchi iliyokuwa imemwona mgombea wake akipiga ngoma na kujiinua kwa mikono haikuweza kuwaona wabunge wake wakijadili fedha zake. Je, mwaka 2015 aliulizwa mgombea ye yote, kwa uzito uleule wa kuuliza juu ya umati, kwamba ataliachia Bunge lionekane, na magazeti yaandike? Kama swali halikuulizwa jukwaani, jibu lilikuja lenyewe baadaye, nalo lilikuja kama amri.

Basi, ndugu wasomaji, tufanye nini sisi tulio vijijini, tusio na gazeti wala televisheni yetu? Kwanza, mgombea akija, na tumpokee kwa ngoma kama ilivyo adabu yetu. Lakini wazee wa kijiji, walimu na viongozi wa makanisa waweke tayari maswali machache yaliyoandikwa kwenye karatasi: la maji, la mashimo ya dhahabu, la bei ya pamba, la zahanati. Maswali hayo hayo apewe na mgombea wa pili, neno kwa neno, na majibu ya wote wawili yaandikwe katika daftari moja na kutunzwa. Daftari hilo litakuwa jukwaa la pamoja tulilolitupa. Miaka mitano ikipita, lifunguliwe mbele ya watu lisomwe.

Pili, gazeti likifika mikononi mwetu, tulisome kwa kuliuliza. Picha ya umati yatuambia nini ambacho hatukukijua? Mgombea alisema nini, na mwenziwe amemjibu nini? Kama ukurasa mzima hauna jibu la maswali hayo, tujue ya kuwa tumenunua ngoma, wala si habari. Na mwandishi tumwandikie barua tumwambie hivyo kwa upole. Waandishi nao ni watoto wa vijiji hivi hivi, nao huandika yale wadhaniayo ya kuwa wasomaji wayataka. Tukitaka zaidi, wengi wao wataandika zaidi.

Bagika na Bagalu wataendelea kushindana, na watoto wetu watakimbia toka duara hili kwenda lile, wakicheka, nasi tutafurahi pamoja nao. Hayo ni mavuno yamekwisha kuwekwa ghalani. Lakini siku ya kumchagua mtu wa kushika ufunguo wa ghala, na tusimame kimya kidogo, tusikilize.